Vikonyo vya Mgongo wa Mama

Mama yangu alianza kututia wasiwasi mwaka ule kahawa ilipozaa sana. Nilikuwa nimetoka Tunduma kwenda kumsaidia kuchuma, shambani kwake huko juu Mbozi, na nikaona jambo ambalo sikulielewa. Akiwa ameinama kwenye matawi ya chini, ndoo pembeni, alikuwa mzima kabisa. Alichuma haraka kuliko mimi, akawa anacheka na kuwasema majirani. Lakini tulipomaliza na kuanza kurudi nyumbani, mikono mitupu na njia tambarare, alikuwa akitembea kidogo anasimama. Anachuchumaa kando ya njia kama mtu aliyeangusha kitu kwenye nyasi. Anainuka, anatembea tena kidogo, anachuchumaa tena.

"Mama, unatafuta nini?"

"Natafuta miguu yangu," alisema.

Baadaye, tulipokaa jikoni, ndipo aliponieleza vizuri. Akisimama wima kwa muda, kitu kama sisimizi kinaanza kutambaa kutoka matakoni hadi kwenye nyayo, kisha miguu inakuwa mizito, kisha inakufa ganzi. Akikaa au akiinama, hali inarudi kuwa nzuri. Kupanda kilima hakumpi shida. Kushuka ndiko kunakomtesa. Jirani mmoja alikuwa amemwambia ni figo. Mwingine alisema ni uzee tu. Wa tatu alishusha sauti na kumwambia kuna mtu. Mama alikuwa amewasikiliza wote na kunywa dawa zao zote, na miguu haikubadilika.

Nikamchukua nikaja naye kwangu Chapwa, hapohapo Tunduma. Nina mgahawa pale kando ya barabara kuu, upande ambao malori hupanga foleni kungoja kuvuka mpaka. Wateja wangu ni madereva, Watanzania, Wazambia na Wakongo, watu ambao huweza kula kwangu asubuhi na bado jioni lori halijasogea. Mume wangu nilimpata hivyohivyo. Ni Mdigo kutoka Tanga, mfupi, kifua kipana, mwenye maneno mengi. Alikuja kula wali na maharage, akarudi kesho yake, na foleni ilipokwisha alikuwa ameshapata sababu nyingine ya kurudi. Mama alichukua muda kumzoea. Kwetu Wanyiha mama mkwe na mkwe wa kiume hawataniani, na huyu mkwe wake hawezi kukaa kimya hata kwenye msiba.

Nilimkataza mama kufanya kazi. Nikamwekea kiti kizuri kivulini. Alikikalia siku mbili hivi, halafu nikaanza kumkuta anachambua mchele, kisha anaosha sahani, na siku moja nilitoka jikoni nikamwona anasukuma toroli lenye madumu ya maji kutoka bombani, anakuja nalo uani bila kusimama hata mara moja.

"Nani amempa mama toroli?" nilifoka.

"Niache," alisema. "Nikiwa na toroli natembea vizuri kuliko nisipokuwa nalo."

Mume wangu alikuwa amerudi safari siku hiyo, amekaa na chai yake. Aliweka kikombe chini. "Shikamoo mama. Hebu rudia hapo ulipotoka."

"Marahaba. Nirudie nini?"

"Kutembea. Mara moja na toroli, mara moja bila toroli. Nina sababu."

Kwa kuwa aliomba kwa heshima, mama akakubali. Na toroli alizunguka ua wote. Bila toroli alifika kwenye ukuta wa choo, akaushika, akainama.

"Huu si uzee," mume wangu akaniambia. "Uzee haupungui mtu akishika toroli. Huyu akiinama mbele, kuna kitu kinafunguka mgongoni. Mpeleke kwa wale walionitazama mimi nilipoanguka."

Miaka kadhaa nyuma alikuwa ameanguka kutoka juu ya tela akifunga turubai, akapelekwa Mbeya kwenye kliniki ya mifupa na kupigwa picha ya mashine ile ya duara ambayo unaingizwa umelala. Hakuwa amevunjika. Lakini tangu siku hiyo alijiona mjuzi wa migongo.

Tulianzia hospitali ya mkoa, tukapigwa eksirei, na daktari wa pale akatuandikia rufaa bila kutuzungusha. Mbeya mama alipigwa picha ya ile mashine ya duara, kisha tukamwona daktari bingwa wa mgongo, mtu wa Bukoba, mrefu, mwenye sauti ya chini kiasi kwamba mama aliegemea meza ili amsikie. Juu ya meza hiyo kulikuwa na uti wa mgongo wa plastiki, umesimama kwenye waya. Mama akaushika kabla ya kuruhusiwa.

"Huu ni wa nani?"

"Si wa mtu, mama, ni wa kiwandani. Ila aliyeutengeneza nadhani aliiga mifupa ya Mzungu."

"Anaonekana alikuwa hafanyi kazi," alisema mama, akiupapasa. "Umenyooka mno."

Daktari alicheka, akauchukua na kuanza kutueleza. Mama anaelewa Kiswahili, lakini mambo mazito huyataka kwa Kinyiha, kwa hiyo mimi nilikuwa natafsiri, na kila nilipokwama nilikuwa naonyesha kwa vidole. Alisema uti wa mgongo ni pingili zilizopangwa moja juu ya nyingine, na nyuma ya kila pingili kuna tundu. Matundu hayo yakikaa kwenye mstari yanafanya mfereji, na ndani ya mfereji zinapita neva zinazokwenda miguuni. Watu hawazaliwi na mfereji wa upana mmoja. Wa mama ulikuwa mwembamba tangu azaliwe, na haukumsumbua kwa miaka yote hiyo kwa sababu neva zilikuwa zimepata nafasi ya kuzitosha. Kisha pingili moja ya kiunoni ilianza kuteleza mbele, taratibu, na mfereji ukabanwa.

"Ukisimama wima unabanwa zaidi. Ukiinama unafunguka. Ndiyo maana shambani unaweza, njiani huwezi."

Mama akanigeukia, uso umefunguka, na kwa Kinyiha akaniambia, "Huyu anajua kuhusu toroli."

Nadhani siku hiyo alipona nusu. Hakuwa mvivu, hakuwa amerogwa, na aliyosema yote yalikuwa ya kweli.

Tiba, daktari alisema, ni upasuaji. Ataupanua mfereji, halafu atazishikisha pingili mbili kwa skrubu ili zisiendelee kuteleza. Akatuonyesha kwenye ule mgongo wa plastiki skrubu inapopita. Kila pingili ina madaraja mawili madogo ya mfupa, kushoto na kulia, yanayounganisha sehemu ya mbele na ya nyuma. Skrubu huingia humo, kama njiti ndani ya mrija. Mimi nilitafuta neno la kumpa mama, nikakosa. Daktari ndiye aliyesema, "Tuviite vikonyo." Hapo mama akaelewa mara moja, maana kikonyo cha kahawa anakishika kila mwaka.

Tulipewa tarehe, tukalazwa. Mchana, siku moja kabla ya upasuaji, daktari alikuja wodini na kompyuta ndogo mkononi, akavuta kiti. Nilipomwona anavuta kiti nilijua kuna jambo.

"Mama, kesho sitakupasua."

Nilikuwa nimefunga mgahawa, nimewaacha watoto kwa jirani, dada wa kwaya ya mama walikuwa wameanza kufunga na kuomba. Nikamuuliza, kwa sauti iliyomfanya nesi ageuke, kama tunachezewa.

Hakukasirika. Alifungua picha za mgongo wa mama, zile za mashine ya duara, akatuonyesha pingili imekatwa kama kipande cha mkate unachokitazama kutoka juu. "Hiki ni kikonyo cha kulia. Nimekipima jana na leo tena. Skrubu nyembamba kuliko zote kwenye sanduku tulilo nalo ni nene kuliko hiki. Nikiilazimisha, mfupa utapasuka, na jirani yake ni neva. Nitakuwa nimekuja kuitibu miguu na nimeiua."

"Kwa nini mnaletewa skrubu zisizoenea?" niliuliza.

Akaeleza polepole. Masanduku hayo hutoka nje. Watengenezaji wanapanga unene na urefu kufuata vipimo vya mifupa iliyopimwa zaidi, na iliyopimwa zaidi ni ya watu wa Ulaya, Marekani na Asia. Ya kwetu imepimwa kidogo. Waliopima sehemu mbalimbali za dunia wameona kwamba wastani haufanani: mahali fulani vikonyo vya kiunoni ni vinene zaidi, kwingine vyembamba zaidi, pengine pembe yake imelala kidogo, pengine mfereji wenyewe ni mwembamba. Tofauti ni za milimita. "Lakini mimi kazi yangu yote ni ya milimita," alisema.

Mama alikuwa akisikiliza kwa makini. "Kwa hiyo Wanyiha tuna vikonyo vyembamba."

"Sijawapima Wanyiha wote, mama. Nimekupima wewe."

"Na mifupa yangu ina kosa gani?"

"Haina kosa lolote. Imekubeba, imebeba watoto wako, imebeba magunia. Sanduku langu ndilo halikutosha. Nipe muda niagize jingine."

Tulirudi Chapwa. Njiani nilikuwa bado nimenuna, lakini mama alinisemesha mpaka nikacheka. Alisema ni afadhali mtu anayekwambia skrubu haienei kuliko fundi anayechukua nyundo.

Miezi ile ya kungoja, nikiikumbuka sasa, ilikuwa mizuri. Mama alikaa kwangu muda mrefu kuliko wakati wowote tangu niolewe. Tulimkubalia toroli. Madereva wa Kizambia walimzoea, wakawa wakiingia wanamsalimu kwa Kibemba, "Muli shani, mayo?" naye anajibu kwa Kinyiha, na kila upande unaridhika. Alinifundisha upya kupika majani ya maboga kama alivyokuwa akiyapika bibi yangu, na wateja wakaanza kuyauliza. Mkwe wake alipokuwa hayupo safarini, walikuwa wakikaa kila mmoja upande wake wa ua, kwa heshima zao, wakibishana kuhusu mifupa.

"Sisi watu wa Pwani tuna mifupa minene kwa sababu ya samaki," mume wangu alisema.

"Wewe? Umefika wapi kwa urefu?"

"Urefu si unene, mama."

Basi tuliporudi kliniki mume wangu akaja nasi, na chini ya kwapa amebeba bahasha kubwa ya picha zake za zamani, zile za siku aliyoanguka. Nilimwambia atatuaibisha. Hakusikia. Tulipoingia tu akasalimia na kumwomba daktari, kama hatajali, amalize ubishi wa nyumbani.

Nilitegemea atatufukuza. Badala yake alizitoa picha, akazibandika kwenye taa ya ukutani, kisha akafungua za mama kwenye kompyuta kando yake. Akachukua rula. Akawa anapima na kurudia.

"Mzee," alimwambia mume wangu, "una vikonyo vinene kweli. Nyumbani kwenu wewe ndiye mfupi, si ndiyo? Huku ndani wewe ndiye jitu."

Mume wangu alinyanyua mikono kama aliyefunga goli. Mama aliangalia pembeni ili asionekane akicheka.

"Ni samaki, daktari?"

"Hapana, si samaki. Na siwezi kusema ni Udigo. Wanaume kwa kawaida wana vinene kuliko wanawake, hilo moja. La pili, nimewahi kumpasua mtu wa Tanga mwenye vikonyo kama vya mama, na mama mmoja wa Ileje, jirani na Mbozi, mwenye vinene kama vyako." Akazima taa. "Wastani wa kundi unanisaidia kujua nijaze nini kwenye sanduku. Akishafika mtu mwenyewe kitandani, wastani nauweka pembeni, natazama picha yake."

Maneno hayo yalinikaa. Nimeishi Tunduma miaka mingi, mji wa watu waliotoka kila kona, na kila siku nasikia Wasafwa wako hivi, Wachaga wako hivi, Wakongo wako vile. Nami husema pia, sijitoi. Hapa nilimwona mtu ambaye tofauti za watu ndiyo kazi yake, anazipima kwa rula, na bado anazitumia kwa uangalifu hivyo.

Siku hiyo alituomba jambo moja. Yeye na wenzake walikuwa wakikusanya vipimo vya migongo ya watu wa huku Nyanda za Juu, kutoka picha zilizokwisha kupigwa, bila majina, ili wanaoagiza na wanaofundisha wapate cha kuanzia. Je, mama ataruhusu za kwake ziingizwe?

"Mna Wanamwanga?" mama aliuliza.

"Nadhani wamo."

"Wandali? Walambya?"

"Sina hakika, mama. Wanaofika hapa ndio tunaowapima."

"Basi niingize. Lakini watafuteni na hao. Msije mkasema mmepima watu wa mkoa wetu wa Songwe kumbe mmepima mimi na majirani zangu."

Daktari alisema atalifikisha, na kwa jinsi alivyotabasamu niliamini kwamba atalifikisha.

Skrubu nyembamba zilifika mvua zilipokwisha. Asubuhi ya upasuaji mama alinikabidhi kitambaa chake cha kichwa na kuniambia nisimpe mtu. Nilikaa kwenye benchi nje na rafiki yake wa kwaya, mume wangu akawa anatembea kwenye veranda, midomo inacheza kwa dua. Kila mlango ulipofunguka tulisimama, na kila mara alikuwa ni mtu mwingine, ameshika ndoo au faili. Rafiki wa mama aliimba kwa sauti ya chini sana, kama anayembembeleza mtoto, na sikumbuki ni wimbo gani. Nakumbuka tu kwamba nilikuwa nautafuna mkono wa sweta langu.

Daktari alitoka mchana, kofia bado kichwani. "Amelala, na vidole vya miguu vinacheza," alisema kabla hata hatujamfikia. Nilimpenda kwa kuanza na vidole. Kisha akaeleza kwamba skrubu tatu ziliingia vizuri. Ya nne hakuiweka pale ilipopangwa. Kikonyo kile cha kulia, alipokifikia, kilikuwa chembamba hata kwa skrubu mpya, akaona asikichokoze. Alikipita akaenda kushika pingili ya chini yake. "Tulikuwa tumejiandaa kwa hilo," alisema, "kwa sababu tulishakiona kwenye picha."

Mama alipoamka kutoka nusu kaputi, neno lake la kwanza lilikuwa kudai kitambaa chake.

Baada ya siku chache walimsimamisha. Nesi upande mmoja, mimi upande wa pili, mkanda mgumu kiunoni. Alisimama. Tukangoja. Niliangalia miguu yake kama naangalia maziwa yaliyo jikoni. Yeye mwenyewe alikuwa amefumba macho, anawangoja sisimizi. Hawakuja.

"Kidonda kinauma," alisema hatimaye.

"Na miguu?"

"Miguu ipo."

Nililia, nesi akanipa kiti mimi niliyekuja kumuuguza mgonjwa.

Kupona kwenyewe kulikuwa kwa polepole. Alikatazwa kuinama, na kwa mwanamke aliyeishi ameinama hiyo ilikuwa adhabu. Alichukia mkanda. Alinigombeza mimi, akamgombeza mume wangu, akaugombeza ufagio kwa kuwa mfupi. Bado kuna asubuhi za baridi kiuno humkaza, na nyayo ya kulia haijarudisha hisia zote. Lakini alianza kutembea kutoka kwangu hadi sokoni, kisha hadi kule malori yanakoanzia, na siku moja tulipokuwa tukienda pamoja nikagundua kwamba mimi ndiye niliyeomba tupumzike.

Kwenye kliniki ya mwisho daktari alikuwa na madaktari wanafunzi. Alimwomba mama asimame mbele yao na awaeleze mwenyewe ilivyokuwa. Mama aliwaeleza kwa Kiswahili chake chenye mwendo wa Kinyiha, bila haraka: mfereji, pingili iliyoteleza, vikonyo. Kijana mmoja akauliza kama ukoo wao una migongo ya aina hiyo. Mama alimtazama juu hadi chini.

"Sijui. Umewapima?"

Daktari alicheka mpaka akavua miwani.

Amerudi Mbozi sasa, hakutaka kukaa kwangu tena hata nilipombembeleza. Kahawa ameipunguza, ameongeza parachichi kwa sababu anasema linachumwa ukiwa umesimama. Ana mtu wa kumlimia, na anamsimamia siku nzima akimwelekeza. Mwezi huu ameanza kulalamika kuhusu jino. Jana alinipigia simu, hakuuliza habari zangu, alitaka mkwe wake akirudi amletee dagaa wa kapenta kutoka Nakonde, ng'ambo ya mpaka, wale wadogo, si wale wa mara iliyopita. Nimemwambia mkwe wake yuko Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo, foleni haiendi, angoje. Akasema sawa, atangoja, lakini nimwambie wadogo.